Soketi ya tela imeng'oka kwenye Hilux, nimefunga mpya, sasa nikikanyaga breki hadi indiketa zinawaka

Nahodha_Mkavu

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada, hasa kwa mafundi umeme wa magari.

Nina Hilux dabo kabini ya dizeli, naitumia kuvuta tela la boti. Boti ni ya faiba, tunaimiliki watu watano, na mashine ikisumbua mimi ndiye wa kuivuta kutoka Pangani hadi Tanga mjini. Wiki mbili zilizopita tulirudi usiku. Mpwa wangu akafungua tela, akafungua na mnyororo, plagi ya umeme akaisahau. Nami sikushuka kuangalia, nikaondoka kama mtu anayewahi pantoni. Nikasikia "pwa!" tu. Soketi iliyokuwa chini ya bampa imebaki inaning'inia kwenye plagi ya tela, na kwenye gari zimebaki waya saba zimekatika, nyingine ndefu, nyingine vipande.

Nikaona kazi yenyewe ndogo. Nimenunua soketi ya plastiki ya matundu saba, shilingi 15,000, nikaunga kwa kufuata rangi zilizoko kwenye plagi ya tela. Zilizokosa mwenzake nikabahatisha. Nyeupe nikaifunga kwenye bolti ya bampa.

Sasa vituko. Nikikanyaga breki, taa za breki za tela zinawaka hafifu na indiketa zote mbili nazo zinawaka hafifu. Nikiwasha taa ndogo kisha nikapiga indiketa ya kushoto, tela zima linakonyeza. Nikipita kwenye shimo kila kitu kinakaa sawa ghafla, halafu baada ya muda vituko vinarudi. Fyuzi iliyoandikwa TAIL imeungua mara mbili. Ilikuwa ya 10, nimeweka ya 20, tangu hapo imetulia.

Gari likiwa peke yake taa zake ziko safi. Nianzie wapi? Jumamosi nina safari, na trafiki wa njia ile wananijua kwa jina.

Kifaru_wa_Chalinze

Mkuu achana na plastiki, tafuta soketi ya chuma ya lori, hata uipige nyundo haivunjiki. Kwenye fyuzi umefanya la maana. Mimi niliweka ya 30, mwaka wa tatu huu sijasumbuliwa.

Bi_Testa

Kifaru, kaka yangu, hiyo 30 yako iombee dua. Na soketi za lori ni za volti 24, zimetengenezwa makusudi zisiingiliane na plagi zetu za volti 12.

Nahodha, kabla ya lolote toa hiyo fyuzi ya njano, rudisha nyekundu ya 10. Mimi nimeshafunua zulia la gari la mteja nikakuta waya zimegandana kama tambi zilizoungulia sufuriani, na mwenye gari ananiambia "lakini fyuzi ni nzima". Ndiyo, ni nzima, kilichoungua ni gari. Taa ndogo za tela lako ni globu mbili za wati 5. Ukijumlisha na za gari, mbele na nyuma, hufiki hata nusu ya hizo ampea 10. Kwa hiyo fyuzi haikuungua kwa udogo, iliungua kwa sababu kuna waya inagusa bodi. Ulipovuta soketi kwa nguvu hukukata waya mwishoni tu, umezivuta hadi ndani, pale zinapopenya kwenye raba ya bodi. Fuatilia hapo kwa mkono, usitumie macho peke yake. Vidole vitakuta palipochubuka.

Vituko vingine vyote ni ugonjwa mmoja: athi.

Umeme ukishapita kwenye globu lazima urudi kwenye betri. Kwenye tela njia hiyo ya kurudi, ndiyo athi, ni ile waya nyeupe, moja tu, kwa taa zote. Isiposhika vizuri, umeme wa breki ukifika unakuta njia imefungwa, unaanza kuzunguka kupitia globu za indiketa na za taa ndogo ukitafuta pa kutokea. Ndiyo maana zinawaka zote, na zote zimelegea. Shimo nalo lina maelezo yake: ukiruka, kikombe cha tela kinabana kile kipira cha chuma nyuma ya gari, athi inapita hapo kwa muda. Tela lako linaishi kwa kuazima athi kwenye kipira, na kipira chenyewe bila shaka umekipaka grisi.

Hakikisha hivi, dakika mbili. Waya ndefu, ncha moja kwenye negativu ya betri, nyingine ibane kwenye chuma cha tela ulichokikwangua rangi. Kijana akanyage breki. Zikiwaka kwa nguvu na indiketa zikatulia, umemshika mwizi.

Bolti ya bampa siyo mahali pa athi. Ina rangi, ina kutu, na wewe unalala Pangani, chumvi inaingia hadi kwenye bawaba za milango. Nenda kwenye chesisi yenyewe, piga msasa hadi chuma king'ae, weka kichwa cha pete kilichobanwa vizuri kwenye waya, kaza, ndipo upake rangi juu. Na nyeupe iwe nene kuliko zote. Ukikanyaga breki ni globu mbili za wati 21, weka na indiketa moja ya 21, weka na taa ndogo, unapata wati 73. Hizo ni kama ampea 6, zote zinarudi kwa waya hiyo moja.

Sasa rangi. Rangi zinamwambia ukweli fundi aliyezifunga, wengine zinatudanganya. Aliyekufungia mwanzo huenda alitumia waya zilizobaki kwenye gunia. Kwenye tela zilizofungwa kwa utaratibu, njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, kahawia taa ndogo ya kulia, nyeusi ya kushoto, nyeupe athi. Bluu ni ya taa ya ukungu na huku kwetu mara nyingi haina kazi. Lakini upande wa gari usiamini hata moja. Ifuate waya kwa kazi yake: kijana awashe indiketa ya kushoto, wewe gusa moja moja kwa testa hadi upate inayokonyeza, ifunge karatasi uandike. Kisha kulia, kisha breki, kisha taa ndogo.

Kuhusu testa, kuna jambo limenigharimu siku nzima huko nyuma. Vile vikalamu vyenye kitaa kidogo cha LED vinawaka hata kama waya imebaki na uzi mmoja wa shaba. Unashangilia, ukiunga taa haiwaki. Yangu ni globu ya indiketa ya wati 21, nimeichomelea waya mbili na kuiweka kwenye kopo la plastiki lililokatwa. Hiyo ikiwaka vizuri, jua waya inaweza kubeba mzigo.

Kitu cha mwisho kinachowaangusha wengi: ukiitazama soketi kwa mbele na ukiitazama kwa nyuma, kushoto na kulia vinageuka. Watu wanafuata picha ya mbele huku wanakaza skrubu za nyuma. Achana na picha. Washa tochi uangalie karibu na kila skrubu, kuna maandishi yamechongwa humo humo kwenye plastiki: L, 54G, 31, R, 58R, 54, 58L. L ni indiketa ya kushoto, R ya kulia, 54 breki, 58 ni taa ndogo, 31 ni athi. 54G ndiyo ya bluu, iache.

Mzee_wa_Mutrah

Salaam kutoka Maskati, nahodha. Bi Testa kasema yote ya umeme, mie nitasema ya maji. Huku nina boti na tela karibu miaka kumi na mbili, na soketi tatu zimeniozea kabla sijapata akili. Ukifika pwani, kabla hujarudisha tela majini, chomoa plagi na uiweke juu, kisha subiri kidogo globu zipoe. Globu iliyotoka kuwaka ikiguswa na maji ya bahari hupasuka kioo papo hapo, na kama umeme bado umo, chumvi inaila shaba mbele ya macho yako. Ukitoa boti, mwagia taa na plagi maji matamu.

Jengine, angalia tela lilitoka wapi. Langu la kwanza lilikuwa la Kimarekani, plagi bapa ya waya nne. Hilo breki na indiketa hutumia waya moja, njano kushoto na kijani kulia, ya breki peke yake haipo kabisa. Nililifunga kwenye gari la Kijapani kwa kufuata rangi kama ulivyofanya wewe. Nikipiga breki, watu nyuma walikuwa hawaoni kitu.

Bi_Testa

Shikamoo mzee. Hapo umesema kweli. Ila lake lina plagi ya saba na breki zake zinawaka zikiwa hafifu, kwa hiyo waya ya breki anayo.

Nahodha, ukikata waya zilizochanika usikate palipochanika. Chumvi inatambaa ndani ya ganda. Menya, ukiona shaba nyeusi au ya kijani rudi nyuma sentimita tano, menya tena, hadi uone shaba inayong'aa. Kama hazifiki kwenye soketi, ongeza kipande, kila kiungo kilehemu kwa risasi na ukifunike kwa mrija wa kusinyaa kwa moto. Tepu nyeusi peke yake kwa Pangani ni mapambo. Ukikuta zile klipu za bluu za kung'ata waya, ng'oa. Zinachana ganda na kuingiza unyevu. Soketi ifunge kifuniko kikijifunga kuelekea chini, na vaselini kidogo kwenye pini.

Nahodha_Mkavu

Wakuu, mrejesho. Jana nimelala chini ya gari kutoka alasiri hadi magharibi.

Jaribio la waya ndefu lilinipa jibu hapo hapo. Nilipoigusisha tu kwenye chuma cha tela, mpwa wangu akakanyaga breki, taa zikawaka hadi ukuta wa jirani ukawa mwekundu. Bolti ya bampa nilipoifungua, chini yake kulikuwa na wosha ya plastiki. Yaani ile nyeupe haikuwa inagusa chuma kabisa.

Shoti nayo nimeiona. Waya ya taa ndogo imechubuka pale pale kwenye raba, kipande cha upana wa kucha, shaba iko nje inabusu bodi. Nimekata, nimelehemu. Fyuzi ya 10 imekaa, nimezunguka hadi Bweni na kurudi haijaungua. Klipu za bluu nimekuta mbili. Na nilikuwa nimegeuza kushoto na kulia kama ulivyosema, nilikuwa nasoma picha ya simu.

Kimebaki kitu kimoja. Nikiwasha taa ndogo, taa ya kulia ya tela inawaka kali kuliko ya kushoto, kama breki imekanyagwa. Nikikanyaga breki kweli, ya kushoto inapanda vizuri, ya kulia karibu haibadiliki. Nimerudia waya zote, ziko sawa.

Bi_Testa

Acha waya. Fungua kioo cha taa ya kulia, toa globu. Ile ni ya nyuzi mbili, 21 na 5. Tazama vile vichunusi viwili vya pembeni kwenye kitako chake: kimoja kiko juu, kingine chini. Vimewekwa hivyo ili globu iingie kwa njia moja tu. Kishikio kikishalegea mtu anaweza kuilazimisha kinyume, na hapo taa ndogo inawasha uzi wa 21, breki inawasha wa 5. Igeuze. Ni nani aliyebadilisha globu hiyo, mpwa?

Nahodha_Mkavu

Nimeigeuza, imekaa sawa. Ahsante sana dada, Jumamosi naondoka.

Globu niliiweka mwenyewe, mwezi wa Ramadhani. Ilikataa kuingia, nikaisukuma kwa koleo.