Tupeane uzoefu: taasisi ya umma ilikukwamisha wapi, na je, uliona chochote kikibadilika?

Wakuu, salaam. Kila awamu mpya ikiingia tunaambiwa mageuzi yamefika: bodi inavunjwa, mkurugenzi anatumbuliwa, nembo inachorwa upya. Ukirudi dirishani, foleni ni ileile. Leo naomba tuache vyama na sura za watu. Simulia ulichopitia mahakamani, polisi, ardhi, hospitali, pensheni, popote. Kama uliona nafuu, tueleze ilitokana na nini. Majina ya watu na ofisi tusiyataje.

Mkwezi
Mimi ni mirathi. Hatukuwa na ugomvi, ndugu wote tulikubaliana, lakini shauri likaahirishwa hadi nikachoka. Mara hakimu yuko semina, mara jalada halionekani. Siku moja likaonekana ghafla, baada ya mtu kuteta na karani pembeni. Nilichogundua ni kwamba hapakuwa na maandishi yoyote ya kuonyesha jalada lilitoka masijala lini na alilichukua nani. Hakimu mwadilifu kuliko wote akiletwa pale, atamuuliza nani?

Karani Mstaafu
Mwanangu Mkwezi, masijala ndiko nilikozeekea. Daftari la kuhamisha majalada lipo, na anayepokea anatakiwa asaini. Sisi tulilijaza wakaguzi wakikaribia. Karani akipoteza jalada hakuna kinachompata, na akilitafuta kwa bidii hapati hata asante. Halafu msitubebeshe sisi wadogo peke yetu. Mkubwa akipiga simu, "hilo jalada lianze kwangu", nani atampelekea daftari asaini? Baadaye tukaletewa kompyuta. Tukawa tunachapa barua pepe, tunaigonga mhuri, tunaiweka kwenye jalada. Mnacheka, lakini ndivyo tulivyokuwa tukifanya.

Binti Mchapakazi
Kwangu ni leseni ya biashara. Zamani ofisi ya pili ilinidai nakala ya cheti kilichotolewa na ofisi ya kwanza, na ziko jengo moja! Siku hizi maombi ni mtandaoni, naona yamefika hatua gani, na kila hatua ina ukomo wa siku. Nafuu ipo, nisiwe mchoyo wa shukrani. Ila ukaguzi wa eneo bado unaamuliwa na mtu mmoja, peke yake. Rushwa yote imehamia kwake.

Shoka
Dawa ni kufukuza wote. Georgia, ile nchi ya Kaukasi, si jimbo la Marekani, baada ya mapinduzi ya 2003 walifuta kikosi kizima cha trafiki, wakaanza upya. Mengine ni maneno.

Wakili wa Kijiweni
Shoka, umesimulia nusu. Georgia waliajiri askari wapya na kuwapandishia mishahara, na hongo barabarani ilipungua kweli. Lakini mahakama za hukohuko ziliendelea kulalamikiwa kwamba zinatii serikali, na washtakiwa walioachiwa huru walikuwa wachache mno.

Mimi nimewahi kumsaidia mteja kulalamikia askari aliyempiga. Barua yetu ilipanda hadi juu, ikashuka na maelekezo ya uchunguzi hadi kituo kilekile, kwa mkuu wa askari huyohuyo. Unategemea nini hapo? Hong Kong walijifunza hilo 1973, ofisa mkubwa wa polisi alipotoroka huku polisi wenzake wakimchunguza. Mwaka uliofuata ikaundwa tume ya kupambana na rushwa, ICAC, nje kabisa ya polisi, ikiripoti kwa gavana. Polisi waligoma kuikubali; 1977 baadhi yao walivamia ofisi zake, na gavana akalazimika kusamehe sehemu kubwa ya makosa ya nyuma. Msamaha ule haupendezi masikioni, lakini tume ilibaki na inafanya kazi hadi leo. Mimi ningeukubali. Najua Shoka hatakubali.

Shoka
Sikubali! Aliyempiga mteja wako naye asamehewe?

Wakili wa Kijiweni
La. Nazungumzia hongo, kupigwa watu ni habari nyingine.

Nesi wa Zamu
Sisi tulikuwa tunatukanwa kila siku kwamba tunaiba dawa. Mganga mfawidhi akaanza kubandika ukutani orodha ya dawa zilizopokelewa na zilizobaki. Matusi yalipungua, maana watu waliona kwamba nyingine hazikuletwa kabisa, wakaanza kuwabana viongozi wao. Na wenzetu wachache waliokuwa na mkono mrefu wakakaa sawa.

Mkwezi
Nesi, hilo lilikuwa agizo la wizara?

Nesi wa Zamu
Hapana, aliamua mwenyewe. Alipohamishwa, aliyemfuata akasema habari za stoo si za kubandika ukutani, orodha ikaondolewa. Sasa tunaandika barua kuomba iwe kanuni, isitegemee hiari ya mganga. Mwenye mfano wa waraka wa namna hiyo, wa hospitali au idara yoyote, naomba aniwekee hapa.