Tupeane uzoefu: wazazi tunaopenda filamu za katuni na bustani za michezo kuliko hata watoto wetu

Baba Wawili, Dar es Salaam

Ndugu zangu, naleta kwenu jambo ambalo kwa miaka mingi nimelizungumza na mke wangu tu. Nina umri wa miaka 41 na mabinti wawili, na kila filamu mpya ya katuni inapofika kwenye kumbi za sinema za hapa mjini, anayehesabu siku ni mimi. Wao hufurahi wakishaketi na mfuko wa bisi mapajani. Furaha yangu mimi huanza wiki nzima kabla.

Nilianza Tanga, katika sebule ya jirani yetu aliyekuwa na deki ya video, ambako watoto wa mtaa mzima tulijazana mkekani kuitazama The Lion King. Filamu ile ilitoka Marekani mwaka 1994, nasi tuliiona mwaka uliofuata kwa kanda iliyokwisha kuchakaa. Kiingereza sikukijua hata neno moja, lakini simba aliitwa Simba, nyani aliitwa Rafiki, ngiri aliitwa Pumbaa, na fisi mmoja aliitwa Shenzi, jina lililowafanya watu wazima waliochungulia dirishani wacheke hadi wakashika ukuta. Hadithi nzima niliifuata kwa majina tu. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba watu wa mbali sana walikuwa wameongea na mimi, na imani hiyo haijanitoka mpaka leo.

Ukubwani nikasoma kwamba Walt Disney, mwanzilishi wa kampuni iliyotengeneza filamu ile, alieleza mwenyewe jinsi wazo la bustani yake ya michezo lilivyomjia. Alikuwa na mabinti wawili, kama mimi, na siku za mwisho wa juma aliwapeleka kupanda farasi wa mbao wanaozunguka, naye akabaki kwenye benchi akitafuna karanga na kuwatazama. Hapo akajiuliza kwa nini pasiwe na mahali ambapo mzazi na mtoto wanafurahi pamoja, badala ya mmoja kucheza na mwingine kungoja. Bustani ya kwanza, Disneyland, ilifunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Tangu nilipoisoma habari hiyo, kila nimwonapo mzazi ameketi pembeni ya bembea akilinda mikoba, namkumbuka baba yule na karanga zake.

Basi naomba tupeane uzoefu, sisi ambao benchi limetushinda. Ulikwenda wapi, na nani, ilikuwaje? Mjadala wa kama katuni zinawafaa watoto au haziwafai tuuache kwa siku nyingine.

Mama Sikukuu, Muscat

Ndugu Baba Wawili, umenigusa. Sisi asili yetu ni Unguja, na mapenzi haya nimeyarithi kwa mama yangu, ambaye hadi leo anasimulia pembea za sikukuu pale Mnazi Mmoja kana kwamba aliteremka jana: gauni jipya, shilingi chache zilizofungwa kwenye ncha ya kitambaa, na foleni ya kupanda mara ya pili.

Miaka miwili iliyopita tulimchukua tukaenda naye Abu Dhabi, kwenye kisiwa cha Yas, ambako kuna Warner Bros. World, bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 2018. Niliichagua kwa sababu moja ya msingi, nayo ni kwamba yote imejengwa ndani ya jengo. Anayeishi Ghuba anajua jua la Julai. Kumsimamisha mtu wa miaka 70 kwenye foleni ya nje saa nane mchana ni kumdhuru. Humo ndani kuna ubaridi, na dari limepakwa rangi ya mbingu, hata mtu akasahau kama nje kumekucha au kumekuchwa.

Niliogopa kwamba mama angechoka tungali mlangoni. Badala yake, aliposimama mbele ya Tom na Jerry alishika kifua, kwa maana hao anawajua tangu utoto wa kaka zangu, wakati televisheni ilikuwa moja kwa nyumba nne. Mwanangu wa miaka 8 akamwambia, "Bibi, wewe kaa hapa, sisi tunarudi." Akajibu, "Nimekuja kukaa? Kukaa nakaa nyumbani." Akapanda. Alipoteremka ushungi ulikuwa umeteleza hadi mabegani, na jambo la kwanza alilouliza ni kama mtu anaruhusiwa kurudia.

Mzazi wa Nyali, Mombasa

Kwetu ni mabwawa ya mteremko ya hapahapa Nyali, mara moja kwa muhula, watoto wakifunga shule. Naogelea nao tangu geti linapofunguliwa. Ushauri wangu ni mmoja tu: nendeni siku ya kazi, si Jumamosi wala sikukuu, na mtapanda mara tatu zaidi kwa pesa ileile.

Mlamu wa ng'ambo, Florida

Nimesoma uzi huu usiku wote na nimeona nisilale kabla sijaandika.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni. Watoto wangu watatu wamezaliwa Marekani. Tunaishi mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Disney World, na kila mwaka nanunua tiketi za msimu mzima, ambazo kwa mshahara wangu ni lazima nizipangie bajeti kuanzia Januari. Rafiki zangu wanadhani nawafanyia watoto. Sijawahi kuwakatalia, lakini leo nitasema kweli yangu.

Ndani ya Animal Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney World, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, wamejenga mji wa kubuni wakauita Harambe. Waliousanifu walitembelea Afrika Mashariki, na Lamu ni mojawapo ya miji waliyoichukulia mfano. Mara ya kwanza nilipoingia sikuwa nimeambiwa habari hiyo na mtu yeyote. Nilipinda kona nikiwa nasukuma kigari cha mtoto, nikauona ukuta wa chokaa uliobanduka kwa namna ya kwetu, ile ambayo unyevu wa bahari huanza kuula kutoka chini kwenda juu. Nikaona maandishi ya Kiswahili ukutani na neno "Uhuru" limeandikwa pamoja na mwaka 1961, kwa kuwa mji ule wa kubuni nao umepewa historia yake. Sakafu imepasuliwa kwa makusudi ili ionekane kuukuu, na mapaa ya nyasi waliyaezeka mafundi Wazulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Nilisimama. Mke wangu alidhani nimeumwa.

Kilichonipendeza si kwamba mji ule ulifanana sana na wetu. Nilipoanza kutazama kwa makini, niliona yaliyokosekana: hakuna punda hata mmoja, na Lamu bila punda ni nyumba bila mlango, hakuna harufu ya samaki na ubani vikichanganyika jioni, na hakuna wazee barazani wa kukuuliza wewe ni mtoto wa nani. Lakini mtu aliyeketi mezani California au Florida akachora mji ule alikuwa ametazama kuta zetu kwa upendo wa kutosha kuona hata mahali zinapobanduka, na mimi niliyezaliwa katikati ya kuta hizo sikuwa nimewahi kuzitazama hivyo.

Tangu siku hiyo Harambe ndipo ninapowafundishia wanangu Kiswahili. Tunasoma kila kibao. Tukipanda gari la safari la humo bustanini, lililopewa jina la Kilimanjaro, ambalo hupita katikati ya twiga na viboko kwa muda wa dakika 20 hivi, mchezo wetu ni kwamba anayekiona kiumbe anamtaja kwanza kwa Kiswahili. Mdogo wao, akiwa na miaka 5, aliniuliza tukitoka getini: "Baba, nyumba ya nyanya iko upande gani?" Alidhani ni hapohapo ndani. Sikuweza kumjibu pale. Nilisema tule kwanza.

Agosti iliyofuata niliwapeleka Lamu. Deni la tiketi za ndege bado nalilipa. Tuliposhuka gatini, mdogo yule alitazama ukuta wa kwanza, akaugusa ulipobanduka, akamwambia dada yake kwa Kiswahili kwamba huu ndio wenyewe. Kisha punda akapita akiwa na mawe ya matumbawe mgongoni, na wote watatu wakanifuata wakikimbia kuniuliza kwa nini kule punda hawakuwekwa.

Mama Kijana, Nairobi

Nawapongeza, lakini acheni nilete upande wa pili. Mapenzi haya ninayo kama nyinyi. Mwanangu wa kiume, tangu akiwa na miaka 3, amekuwa mwenzangu wa kila filamu ya vibonzo. Mwaka huu ametimiza 14. Mwezi wa nne nilinunua tiketi mbili kama kawaida, naye akaniambia kwa adabu kabisa kwamba ameshapanga kuitazama filamu hiyo na wenzake. Niliingia peke yangu. Filamu ilikuwa nzuri, nami nililia mahali ambapo hapakuwa pa kulia. Sijui wenzangu mlivukaje kipindi hiki.

Baba Wawili, Dar es Salaam

Mama Kijana, pole sana. Mkubwa wangu ana miaka 11 na nimeanza kuiona njia hiyo kwa mbali. Nakuomba uendelee kuingia, hata peke yako, na ukirudi umsimulie mezani bila kumlaumu. Mjomba wangu alifanya hivyo na mwanawe kuhusu mpira, na baada ya miaka mitatu kijana alirudi mwenyewe.

Baba wa Bukavu, Brussels

Mimi nina kisa cha sentimeta tatu. Tulikwenda kwa gari hadi Disneyland ya Paris, ile iliyofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992. Kuna treni ya mlimani ambayo mlima wake umejengwa kisiwani katikati ya ziwa, hivyo treni huzama kwenye handaki chini ya maji kabla ya kuibukia mlimani, na anayeruhusiwa kupanda ni mwenye kimo cha kuanzia sentimeta 102. Kijana wangu alikuwa na 99. Alinyoosha shingo, akasimama kwa vidole, lakini mhudumu alimwambia kwa upole kwamba haiwezekani. Kilio chake nakisikia hadi leo, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimsimulia treni hiyo mwezi mzima bila kumpima.

Wenye watoto wadogo mjue utaratibu huu: mzazi mmoja hubaki na mtoto asiyefikia kimo, mwingine hupanda na wakubwa, kisha hubadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Muulizeni mhudumu mlangoni kabla hamjaanza foleni. Mke wangu alikuwa amesema yeye atashika mikoba tu; nilimsihi, akaenda na binti yetu, akarudi akinieleza jinsi giza la handaki lilivyowameza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuondoke Bukavu.

Tuliporudi nyumbani nilichora mstari wa penseli kwenye fremu ya mlango wa jikoni, sentimeta 102 kamili. Kila tarehe mosi kijana alisimama hapo. Baada ya miezi 14 tulirudi Paris akiwa na 106, na alipofika kwenye kipimo hakunyoosha shingo hata kidogo. Aliinamisha kichwa makusudi, ili mhudumu aone kwamba hata hivyo anafika.

Mwalimu wa Kirumba, Mwanza

Sisi hatujapanda ndege wala hatujaona bustani hizo, lakini najihesabu miongoni mwenu. Ijumaa jioni kwetu ni filamu. Tulianza na Ubongo Kids, katuni za Kiswahili zinazotengenezwa Dar es Salaam na kurushwa tangu mwaka 2014, na binti yangu alipojua kwamba zimechorwa na watu wa nchi hii, aliuliza kama na sisi tunaweza.

Nikamweleza ninavyojua: sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, na wachoraji wengi huiacha kila picha ikae mara mbili, kwa hiyo michoro 12 inatosha kwa sekunde moja. Daftari la kurasa 96 lina karatasi 48. Ukichora kwenye kona ya kila karatasi, daftari zima ni sekunde 4. Tulichora mtumbwi wa tanga ukipita mbele ya jiwe la Bismarck, lile lililo ziwani hapa kwetu Mwanza. Ilituchukua majuma matatu, mimi nikichora jiwe na yeye mtumbwi, na mara mbili tulilazimika kufuta karatasi kumi kwa sababu tanga lilikuwa limerudi nyuma dhidi ya upepo. Tulipofyatua kurasa kwa kidole gumba mtumbwi ukapita, tulinyamaza wote wawili, kisha tukafyatua tena. Sasa tuko kwenye daftari la tatu.

Binti wa Mzee wa Reli, Morogoro

Nyote mmeandika kama wazazi. Mimi ni mtoto wa mzazi wa namna yenu, na nina miaka 36.

Baba alifanya kazi reli. Kila aliporudi kutoka safari alikuwa na kanda, baadaye diski, ya filamu ya katuni aliyoinunua kwa machinga, na hakuruhusu mtu aiguse hadi sote tumekoga na kula. Alikuwa na daftari la jalada jekundu ambamo aliandika jina la filamu, tarehe, na majina ya walioketi naye. Nimelihesabu: filamu 212. Kwenye mistari mingi jina ni langu peke yangu, kwa sababu kaka zangu walikwisha kukua.

Sasa ana miaka 73 na presha ya macho imemwachia mwanga kidogo tu. Nilidhani jambo hili limekwisha, nikaliweka daftari kabatini. Mwezi uliopita aliniuliza liko wapi. Tangu hapo kila Jumapili nakwenda, tunachagua filamu moja humo, yeye anasikiliza nami namweleza kinachoonekana: rangi ya maji, nani amegeuka, nani amejificha nyuma ya nini. Juzi ilikuwa filamu ya baharini tuliyoitazama mara ya kwanza mwaka 2004. Nilipofika mahali pa kumweleza kwamba samaki mdogo amepotea, alinishika mkono akasema, "Ngoja, usiniambie," akasogeza kiti karibu na sauti.