Waliosoma IT chuoni: ulifundishwa nini, ukakuta nini kazini? Tupeane uzoefu

Kijana wa Kiwalani: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili IT. Leo kanitumia picha ya kipindi chao cha vitendo cha lugha ya programu ya C++, nikaona kile kioo cha buluu cha Turbo C++, programu ya kuandikia lugha hiyo. Programu hiyo ilitoka 1990, dogo kazaliwa 2004! Imeniuma sana, maana ada na mkopo wa bodi ni vile vile. Waliopita huko, semeni yaliyowakuta.

Fundi Mitandao: Turbo C++ kwenye Windows za sasa haifunguki mpaka uipitishie DOSBox, programu ya kuigiza kompyuta za zamani za DOS. Yaani wanafunzi wanafundishwa kwanza kuifufua.

Binti Ngamiani: Sisi Java tuliandika kwa kalamu kwenye karatasi. Darasa zima la programu, mtihani wa mwisho ni karatasi! Ukisahau nukta-mkato unakatwa maksi, wakati kompyuta ingekuonyesha mstari wenye kosa palepale ukarekebisha. Mimi nilikuwa nahesabu mabano kwa kidole huku muda unakimbia. Kazini hakuna aliyewahi kuniomba programu kwenye karatasi.

Mtu wa Seva: Binti Ngamiani umenikumbusha mbali, acha niseme. Nilimaliza na GPA ya 4.1. Nikaitwa usaili kwenye kampuni moja pale Posta. Tukapewa laptopu za Linux, siyo Windows, na kazi moja: kuna faili la miamala, jumlisha kiasi cha kila mteja, kisha uiweke kazi yako kwenye Git, zana ya kuhifadhi matoleo ya programu. Lugha ni hiari yako.

Nikachagua C++ kwa kujiamini kabisa. Mstari wa kwanza nikaandika iostream.h kama tulivyofundishwa muhula mzima. Kompaila, ile inayogeuza ulichoandika kiwe programu, ikakataa, ikasema faili hilo halipo. Nikafuta, nikaandika upya, ikakataa tena. C++ ilishawekewa viwango vyake 1998 na hiyo .h ikaachwa, lakini madesa yetu yalikuwa hayajapata habari. Nikahangaika mpaka nikavuka. Ikaja conio.h, nayo haipo, maana ni ya DOS. clrscr haijulikani. void main nayo imekataliwa. Kila nilichokariri kinarudi na maandishi mekundu.

Pembeni yangu kuna dogo wa kidato cha nne, kajifunza mtaani, anaandika Python. Kamaliza, kaituma, kakaa anakunywa maji. Mama mmoja wa jopo akaja akasimama nyuma yangu, akaangalia kioo kwa muda, akaniuliza kwa upole, "Git umewahi kuitumia, mwanangu?" Nikamwambia hatukufundishwa. Git ipo tangu 2005, mimi nimeingia chuo 2013. Nilishuka ngazi za lile jengo machozi yananilenga, na mama yangu anapiga simu anataka kujua imekuwaje.

Fundi Mitandao: Daah. Pole sana mkuu.

Mama Junia: Umeniliza. Halafu ikawaje?

Simba wa Vunjo: Samahani, mimi sikubali. GPA ya 4.1 na hukufungua hata YouTube? Chuo kinakupa msingi, mengine jiongeze. Nadharia ya databesi za majedwali mwanasayansi wa kompyuta Codd aliiandika 1970 na mpaka leo benki zinaendeshwa kwa SQL, lugha ya kuulizia databesi hizo. Mkianza kufundisha kila kinachotamba, kila mwaka mtafuta mtaala.

Binti Ngamiani: Simba, bando ungemnunulia wewe? Kuna watu bumu likiingia linaishia kwenye kodi ya chumba na chakula. Halafu iostream.h ni msingi gani? Huo ni uchakavu tu.

Simba wa Vunjo: Nimesema msingi, sijatetea Turbo. Soma vizuri dada.

Binti Ngamiani: Nimesoma vizuri.

Mhadhiri Mstaafu Mtarajiwa: Wanangu, nafundisha, naomba mnisikilize. Kubadili mtaala kunaanzia idarani, kunapita kwa wadau, vikao vya chuo, seneti, halafu Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mpaka urudi umeidhinishwa, zana uliyoiandika imeshapitwa. Ndiyo maana siku hizi tunaandika "uhifadhi wa matoleo ya programu" bila kutaja jina la zana, ili mwalimu awe huru. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ule wa dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, umesukuma kuhuisha mitaala tangu 2021 na nimeona mabadiliko. Ila mtaala mpya ukimkuta mwalimu ana madesa ya zamani, darasani hakuna kilichobadilika. Sisi walimu nasi tupelekwe fildi.

Wa Eastleigh: Huku Nairobi mambo ni yale yale ndugu zangu. Nina marafiki walimaliza digrii kisha wakalipa karo tena Moringa School, shule ya kufundisha programu, ndio waandikwe. Na attachment, yaani fildi yenu, usipochunga, unapelekwa kubadilisha toner ya printa mpaka iishe.

Fundi Mitandao: Fildi ya printa! Na kuvuta nyaya juu ya dari.

Mama Junia: Mtu wa Seva jamani, halafu ikawaje?

Mtu wa Seva: Sikupata. Niliwaandikia barua kuomba kujitolea, yule mama akanikubalia. Aliyenifundisha Git ni yule dogo wa Python. Sasa hivi tunafanya kazi pamoja, tunaunganisha mifumo ya wateja na malipo ya kontroo namba. Hilo nalo sikulisikia chuoni, wakati nchi nzima inalipia serikali kwa njia hiyo.

Kijana wa Kiwalani: Sasa dogo nimshauri nini?

Simba wa Vunjo: Akaze SQL, mitandao na Linux.

Wa Eastleigh: Aanze JavaScript, kazi ndogo ndogo za mtandaoni zitamlipia karo.

Fundi Mitandao: Asome udereva wa bajaji kama akiba, halafu aendelee na Linux.

Mama Junia: Aisome na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nipo kwenye ofisi inayoshika taarifa za wagonjwa, vijana wanaokuja fildi wanakopi databesi nzima kwenye flashi ili wakafanyie mradi nyumbani. Hakuna aliyewahi kuwaambia.

Mhadhiri Mstaafu Mtarajiwa: Hilo la Mama Junia nimelichukua. Idara yetu inakutana na wadau karibuni. Andikeni mengine hapa, nitayafikisha.

Binti Ngamiani: Mtihani wa programu ufanyike kwenye kompyuta, Mwalimu. Hilo halihitaji seneti.