Naomba ushauri: stendi ya leza ya levo kwa kazi za dari na msingi, Dodoma

Kijana wa Nkuhungu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Mimi ni fundi wa jipsamu na tailizi, mwaka wa sita sasa kwenye kazi. Mwezi wa sita nilinunua leza ya mistari ya kijani, kifaa cha kumulika mstari wa usawa ukutani, ile inayojisawazisha yenyewe, nikaipachika kwenye stendi ya kamera niliyoazima kwa jamaa yangu anayepiga picha za harusi. Nyepesi, nguzo yake ya katikati inapanda hadi usawa wa kichwa changu, nikaona nimemaliza.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye nyumba moja Iyumbu, madirisha bado hayana vioo, na upepo wa msimu huu mnaujua. Asubuhi nikapiga alama kuta tatu za sebule. Saa saba mchana nawasha tena nimalizie ukuta wa nne, mstari unatetemeka kama kamba ya kuanikia nguo. Nikausubiri utulie, nikapiga alama. Jioni msaidizi wangu anafunga blandaringi (mbao za kushikilia dari) ya mwisho, pembeni mbao hazikutani. Kushika futi: milimita 9. Tulifumua upande mzima, siku ikaenda bure, na mwenye nyumba kasimama mlangoni anatutazama bila kusema neno. Iliniuma sana.

Sasa nataka stendi ya maana. Bajeti yangu ni 150,000. Nichukue ya aluminiamu au ya mbao? Chini ya leza kuna matundu mawili ya skrubu, dogo na kubwa, nalo kubwa sijawahi kulitumia. Nataka stendi moja inifae kwenye dari na kwenye msingi. Usafiri wangu ni bodaboda.

Mzee wa Timazi

Pole sana mwanangu. Kabla hujatoa hela, elewa kwanza kilichokupata, maana wengi wanalielewa vibaya hili neno "inajisawazisha".

Ndani ya leza kuna pendulamu. Stendi ikiinama kidogo, kwa nyingi ni hadi digrii 3 au 4 hivi, pendulamu inarudisha mstari kwenye usawa. Ikizidi hapo mstari unapepesa au kifaa kinalia. Lakini pendulamu haijui kitu kuhusu kimo. Stendi ikishuka milimita 9, mstari unabaki sawa kabisa, ila umeshuka milimita 9. Macho hayawezi kukuonyesha. Kwa hiyo leza yako huenda ni nzima, stendi ndiyo iliyokushusha.

Dawa yake haina gharama: kila unapoisimamisha leza, chora alama moja ya penseli kwenye ukuta usiokaribiwa na watu, mstari unapopita. Kabla ya kupiga alama nyingine yoyote, tazama ile ya kwanza. Mstari ukiikosa, simama hapo hapo.

Na leza yenyewe uipime. Tafuta kuta mbili zinazotazamana, mita 5 kati yake. Iweke karibu na ukuta wa kwanza, piga alama hapo, igeuze nusu mzunguko, piga alama ukuta wa pili. Ihamishie karibu na ukuta wa pili, ipandishe au uishushe hadi iguse alama ya pale, kisha igeuze urudi ukuta wa kwanza. Tofauti ya alama mbili za ukuta wa kwanza ni kosa la mita 10. Kama kosa linaloruhusiwa la leza yako ni milimita 3 kwa mita 10, tofauti isizidi 3.

Mkereza Vyuma Kizota

Mkuu, nijibu la matundu. Dogo ni la robo inchi, meno 20 kwa inchi, sawa na kamera. Kubwa ni la inchi 5/8, meno 11 kwa inchi, hilo ndilo la stendi za ujenzi na za wapima ardhi. Tumia kubwa. Kitako kinakaa kwenye sahani pana na skrubu nene inashika, leza haichezi.

Naomba sana, usije ukajaribu boliti ya milimita 16 kwenye lile tundu kubwa. Kwa unene zinakaribiana mno, 5/8 ni kama milimita 15.9, lakini meno yanapishana. Inaingia mizunguko miwili inakaza, kijana anaongeza nguvu na koleo, tundu limekwisha. Vivyo hivyo boliti ya milimita 6 kwenye tundu la robo inchi. Nimeletewa vitako vilivyoliwa hivyo zaidi ya mara moja, na vingi ni vya plastiki au aluminiamu laini, siwezi kuvirudisha vilivyokuwa. Ukikuta stendi nzuri ila skrubu yake ni tofauti, nunua adapta ya shaba. Ni kitu kidogo.

Dada Mpima, Manyoni

Kaka, nimefanya kazi na stendi za mbao na za aluminiamu. Ya mbao ni nzito, jua haliisumbui sana, upepo hauitikisi. Ukiwa na bodaboda itakuchosha. Kwa kazi zako chukua aluminiamu, ila ile ya ujenzi yenye kichwa bapa na skrubu ya 5/8, na uikague hivi: ifungue miguu yote, ishike kichwani kwa mikono miwili uisokote kama unakamua nguo. Ikizunguka hata kidogo, iache dukani.

Tazama na nyayo. Kwenye udongo unataka ncha za chuma zenye kikanyagio, kila mguu uukanyage mmoja mmoja mpaka uzame. Udongo mweusi wa mbuga usiuamini hata ukiwa mkavu, ule una nyufa na mguu unaendelea kushuka taratibu. Kwenye vigae ncha zinateleza, kwa hiyo kata kipande cha plaiwudi, toboa vitundu vitatu, ncha zikae humo. Au funga miguu kwa mnyororo isitanuke.

Upepo ukizidi, watu wananing'iniza mfuko wa mchanga katikati. Ni sawa, lakini mfuko uguse chini. Ukibembea hewani unaitikisa stendi badala ya kuituliza.

Vumbi letu jekundu linaingia kwenye vibano vya miguu. Futa kwa brashi kavu. Usipake oili, inashika vumbi mpaka kibano hakibani tena.

Dari Tupu

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Kwa dari huhitaji stendi ndefu hata kidogo. Weka leza chini, kimo cha mita moja hivi, piga mstari kuzunguka chumba chote kwa mara moja, zima leza uirudishe kwenye begi. Baada ya hapo kila kitu ni futi: unapanda kutoka kwenye mstari hadi kimo cha dari. Milango, soketi, vigae, vyote vinatoka kwenye mstari huo huo. Kosa lako lilikuwa kupiga kuta tatu asubuhi na moja mchana.

Kijana wa Nkuhungu

Asanteni sana wakuu. Jana nimefanya jaribio la Mzee, tofauti ni milimita 2, leza ni nzima. Halafu nikaipachika kwenye stendi ile ya kamera, nikachora penseli kwenye nguzo ya katikati pale inapoingia kwenye kibano, nikaiacha nusu saa. Alama imeshuka milimita 4, na hakuna aliyeigusa. Nilikuwa nakaza kile kibano kwa vidole nikidhani kimeshika.

Swali: vipi ile nguzo ndefu inayokazwa kati ya sakafu na dari?

Mzee wa Timazi

Nguzo ile ni nzuri kwenye jengo lenye zege juu. Nyumba zetu nyingi juu ni kenchi, utaikaza kwenye mbao, na fundi mwenzako akigonga msumari upande wa pili leza inaruka. Achana nayo kwa sasa.

Chukua stendi fupi ya kichwa bapa, na kama ina nguzo ya katikati iwe ya kuzungushwa kwa mkono na yenye komeo la kukaza. Kwa msingi, jua likiwa kali mstari hutauona. Fanya alfajiri au jioni, au ununue kipokezi cha kusoma mwale, ila hakikisha kwanza leza yako ina mpigo (hali ya kuwakawaka kwa haraka) wa kufanya nacho kazi. Mpira wa maji wa kupimia levo nao usiutupe.

Na unapoipakia kwenye bodaboda, funga komeo la pendulamu.

Kijana wa Nkuhungu

Nimeelewa mzee wangu. Jumamosi asubuhi nakwenda dukani na leza yenyewe mkononi, kabla watu hawajaelekea mnadani Msalato. Nitaifunga pale pale na kuisokota kama alivyosema dada.

Dada Mpima, Manyoni

Beba na penseli. Ipandishe nguzo, chora, iache robo saa na leza juu yake. Muuzaji akikataa, nenda duka lingine.