Je, tuendelee na toleo la sita la Warhammer au tuhamie The Old World?

MikukiYaLeicester ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, kwa sababu jambo hili limeanza kugawa kundi ambalo limecheza pamoja kwa miaka mingi bila ugomvi.

Sisi ni watu sita tunaokutana Jumamosi moja kila mwezi hapa Leicester, na mchezo wetu ni Warhammer, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa visanamu na dadu, ile ya vikosi vinavyotembea kwa safu, ya mikuki, farasi na uchawi, si ile ya anga za juu. Tulijifunza kwa toleo la sita la kanuni zake, lililotoka mwaka 2000, na hatujapata kuliacha. Toleo la saba la mwaka 2006 tulilisoma tukaliweka kabatini. La nane, la mwaka 2010, tulilicheza miezi michache kisha tukarudi tulikotoka. Mwaka 2015, mchapishaji alipoufunga ulimwengu ule wa mchezo na kuleta mchezo mwingine, Age of Sigmar, sisi hatukutikisika, maana vitabu vyetu vilikuwa vimo mikononi mwetu na hakuna aliyekuja kutunyang'anya.

Mwaka 2024 ikatoka The Old World, na ulimwengu uliokuwa umefungwa ukafunguliwa tena kwa kanuni mpya. Mwaka huu wamejiunga nasi vijana wawili walioanza na kanuni hizo. Ni vijana waungwana, wanapaka rangi vizuri kutushinda, nao wanauliza swali ambalo sikuweza kulijibu: kwa nini wajifunze kitabu ambacho hakichapishwi tena, wakati kipo kipya kinachouzwa dukani na kinachotumika katika mashindano? Wenzangu wawili wamekubaliana nao. Wengine wawili wamesema wazi kwamba toleo la sita likiondoka, nao wataondoka.

Shida ya pili ni vitako, yaani vibao ambavyo visanamu husimama juu yake. Askari wetu wa miguu wamegundishwa juu ya vitako vya milimita 20, na kanuni mpya zinataka milimita 25 kwa wengi wao, na 30 kwa majitu ya Orc ambao zamani walisimama juu ya 25. Mimi peke yangu nina visanamu zaidi ya 300, na siwezi kufikiria kuvibandua kimoja kimoja. Isitoshe, mwenzetu mmoja ana jeshi la Skaven, wale panya-watu, ambalo katika The Old World ni mojawapo ya majeshi saba yaliyopewa orodha ya askari ya bure ya kupakua na kuachwa hapo, bila ahadi ya kuendelezwa.

Je, kubaki na toleo la zamani ni uamuzi unaoweza kudumu, au tunajidanganya?

SafuNneKwaNne amejibu:

Ndugu yangu, nimecheza mchezo huu tangu toleo la tano, na ningependa kuanzia kwenye kanuni zenyewe, kwa kuwa watu wengi husema "toleo jipya" kana kwamba ni kitabu kilekile kilichosahihishwa makosa. Sivyo. Kila toleo ni mchezo wake, ingawa visanamu na majina ya majeshi yanabaki yaleyale.

Chukua uvamizi, yaani kikosi kumkimbilia adui ili kipigane naye, ambao ndio moyo wa mchezo. Katika toleo la sita mwanadamu wa miguu hutembea inchi 4 na huvamia inchi 8, wala si zaidi. Elf hutembea 5 na kuvamia 10. Farasi aliyevalishwa deraya hutembea 7 na kuvamia 14. Umbali huo unajulikana na wote, lakini huruhusiwi kupima kabla ya kutangaza kwamba unavamia. Unakadiria kwa jicho, unatamka, ndipo futi ya tepu inatoka mfukoni, na ukiwa umekosea, kikosi chako kinasogea hatua zake za kawaida na kubaki kimesimama wazi mbele ya adui ambaye sasa ana zamu yake. Katika toleo la nane mwanadamu yuleyule anaongeza dadu mbili juu ya inchi zake 4, hivyo uvamizi wake unaweza kuwa wa inchi 6 au wa inchi 16. Katika The Old World anatupa dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, basi anafika kati ya inchi 5 na 10. Hii ya mwisho, kwa haki, ni njia ya kati yenye busara. Lakini mtu aliyetumia miaka kulifundisha jicho lake kupima meza atahisi kwamba ujuzi wake umewekwa pembeni, na hisia hiyo si ukaidi wa wazee.

Chukua pia safu. Katika toleo la sita, askari kumi na sita wa mikuki, wanne kwa upana na wanne kwa kina, wanaingia vitani wakiwa na pointi tatu za safu katika hesabu ya kuamua mshindi wa pambano, moja ya bendera, na moja zaidi kama wamemzidi adui idadi. Hizo ni tano kabla mkuki haujainuliwa. Shujaa mwenye panga la ajabu lazima aue wengi ndipo azifikie. Lakini adui akileta kikosi chenye nguvu ya watu watano tu ubavuni, zile pointi tatu za safu zinafutika. Ndiyo maana mchezo wote unakuwa wa kulinda ubavu na kuutafuta wa mwenzako, na kikosi kidogo cha farasi wepesi kinaweza kuamua vita bila kuua mtu. Katika toleo la nane, aliyeanguka mbele nafasi yake huzibwa papo hapo na wa nyuma yake anayepigana bila kuchelewa, na kikosi cha watu kumi kwa upana hupata safu ya ziada ya kupigana. Vikosi vikawa vikubwa, watu wakaanza kuleta thelathini na arubaini mahali pa ishirini, na gharama ya kuanza jeshi ikapanda.

Kwa hiyo nakushauri mbaki, lakini mkubaliane juu ya tarehe ya kufunga vitabu. Toleo la sita si kitu kimoja. Lilianza na kijitabu cha Ravening Hordes, kilichokuwa na orodha za muda za majeshi yote zilizoandikwa kwa pamoja, kisha vitabu vya majeshi vikafuata kimoja kimoja kwa miaka. Kitabu cha Orc na Goblin cha mwaka 2000 na kile cha Wood Elves cha mwaka 2005 havikuandikwa kwa mkono mmoja wala kwa mawazo yaleyale, na atakayeshika cha kwanza akikutana na cha pili ataumia. Kundi linaloishi na toleo la zamani lina uhuru ambao mchapishaji hana: linaweza kuamua kwamba vitabu hivi ndivyo, na hivi sivyo, na hakuna kitakachobadilika mwakani.

RangiNaBrashi amejibu:

Nimesoma maelezo ya kaka SafuNneKwaNne na nimejifunza mengi, ila ningependa kusema kwa niaba ya wale vijana wawili, kwa kuwa nimewahi kuwa mahali pao.

Nilipoingia katika klabu moja iliyokuwa ikicheza toleo la zamani, nilipokelewa kwa ukarimu mkubwa. Niliazimwa jeshi, nilipikiwa chai, nilifundishwa kwa subira. Lakini kitabu cha kanuni kilikuwa kimoja kwa watu tisa, nacho kilikaa nyumbani kwa mtu mmoja. Kila nilipouliza jambo nilijibiwa kwa kumbukumbu, na mara nyingi niligundua baadaye kwamba jibu lilikuwa la toleo jingine, kwa sababu mtu aliyecheza matoleo manne huyachanganya bila kujua. Sikuwa na namna ya kwenda nyumbani, kusoma, na kurudi nikiwa nimejiandaa. Katika kila ubishi mimi ndiye niliyeshindwa, si kwa hila ya yeyote, bali kwa sababu sheria ilikuwa ndani ya vichwa vyao. Baada ya miezi minane niliacha.

Nawaomba pia msilitakase toleo la sita. Kanuni yake ya hofu ni kali mno: kikosi kikishindwa, hata kwa pointi moja, na adui anayetia hofu akiwa amekizidi idadi, kinavunjika na kukimbia hapohapo bila hata kujaribu bahati kwa dadu. Kijana anayekutana na jeshi la wafu kwa mara ya kwanza anaona safu yake nzima ikitoweka, naye hajafanya kosa analoweza kulirekebisha. Katika The Old World anayeshindwa anaweza kurudishwa nyuma kidogo, au kurudi kwa mpangilio, au kuvunjika kabisa, na hatua hizo tatu zinampa mgeni nafasi ya kuendelea kucheza hadi mwisho wa vita. Ninaliona hilo kuwa bora, na nitalisema hata mbele ya mtu aliyecheza miaka ishirini.

Mwandishi umeuliza kama uamuzi huu unaweza kudumu. Kwangu mimi inategemea kama kijana wako anaweza kuishika kanuni mkononi mwake mwenyewe. Vitabu vya toleo la sita bado vinapatikana vya mtumba. Kabla hamjawaomba waache kitabu chao, wanunulieni chenu.

KeteSitiniNaNne amejibu:

Wanangu, mimi nimekulia Unguja, na mchezo wangu wa kwanza ulikuwa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lina hatua mbili, namua na mtaji, lina nyumba yenye masharti yake, na hakuna mchapishaji aliyewahi kutuletea toleo la tisa. Tumeendelea bila kitabu kwa sababu ukikosea kutakata, yaani kucheza bila kula kete za mwenzako, watazamaji kumi barazani wanakuambia kabla mpinzani wako hajafungua mdomo. Watazamaji wale ndio kitabu. Katika chumba chenu cha Leicester hakuna baraza, mna watu wanane na kumbukumbu zinazopingana, kwa hiyo Bi RangiNaBrashi amesema kweli. Andikeni. Kila mnapoamua jambo lililokuwa na utata, liandikwe siku ileile katika daftari moja, pamoja na ukurasa wa kitabu mlichokitegemea, na daftari hilo likae mezani wakati wa mchezo, mahali ambapo mdogo kuliko wote anaweza kulifungua bila kuomba ruhusa.

Baadaye nilihamia kwenye mchezo wa visanamu wa vita vya kale uitwao DBA, uliotungwa na Phil Barker na Richard Bodley Scott mwaka 1990, ambamo kila jeshi ni vitako 12 tu na uwanja ni mraba wa sentimita 60. Sisi tulikuwa tunatumia toleo la 2.2. Mwaka 2014 likaja la 3.0, likabadilisha kipimo cha mwendo kutoka hatua hadi upana wa kitako, na kwa visanamu vya milimita 15 askari wazito wa miguu waliokuwa wakisogea milimita 50 wakaanza kusogea 80. Linaonekana jambo dogo, lakini uwanja wote ulifupika. Kundi letu liligawanyika kama lenu, na tukafanya jambo ambalo hakuna aliyelipendekeza mwanzoni: anayeleta uwanja na vilima vyake ndiye anayechagua toleo siku hiyo. Majeshi yalikuwa yaleyale, vitako vilevile. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na kambi mbili tena, kila mtu alijua matoleo yote mawili, na waliobaki wakipendelea 2.2 walipendelea kwa sababu wanazoweza kuzitaja.

Kwenu kizuizi ni vitako, na hicho kina dawa. Usibandue kisanamu chochote. Kikosi cha watu ishirini, watano kwa upana, kina upana wa milimita 100 kwa vitako vya zamani na milimita 125 kwa vipya. Tengeneza trei ya ubao mwembamba yenye visanduku vya milimita 25, kila kimoja kikiwa na nafasi ya kitako cha 20 katikati. Ukiwatia ndani, ni jeshi la The Old World. Ukiwatoa na kuwapanga bega kwa bega, ni jeshi la toleo la sita.

MikukiYaLeicester amejibu:

Shikamoo Mzee Kete, na shukrani kwenu nyote.

Niliwasomea wenzangu majibu haya jana, na nikiri kwamba ujumbe wa dada RangiNaBrashi ndio uliotunyamazisha. Mmoja wa wale vijana alisema amekuwa akiogopa kuuliza kuhusu kanuni ya uchawi kwa miezi mitatu, kwa kuwa kila alipouliza alipata majibu mawili tofauti. Sikuwa najua.

Tumekubaliana hivi. Toleo la sita linabaki kuwa mchezo wetu wa kundi, vitabu vikifungwa mwisho wa mwaka 2004, na kanuni ya hofu tumeilegeza: kikosi kilichozidiwa idadi na adui anayetia hofu kitatupa dadu zake kama kawaida, ila kwa kipimo cha ujasiri pungufu kwa pointi moja, na dadu zote mbili zikionyesha moja kitasimama. Tumeliandika hilo ukurasa wa kwanza wa daftari. Kila mkutano wa tatu tutacheza The Old World, na vijana ndio watakuwa walimu, nasi tutaazima vitabu vyao. Wenzetu wawili waliosema wataondoka wamekubali kujaribu hadi Desemba, na mwenye Skaven atatumia ile orodha ya bure bila kinyongo.

Trei ya kwanza nimeikata usiku kwa ubao wa milimita 3, nikagundua kwamba farasi wanahitaji hesabu yao, kwa kuwa vitako vyao vya 25 kwa 50 vinatakiwa kuwa 30 kwa 60. Mzee Kete, je, visanduku vya farasi niviache wazi upande wa mbele au nivizungushie ukingo pande zote nne? Na kama kuna mwenye vitabu viwili vya kanuni vya toleo la sita vya mtumba, vilivyochakaa hata, mradi kurasa zimetimia, tafadhali aniandikie hapa.