Viti vya kale vya mezani: nikague nini kabla ya kulipa?

Sebuleni

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Natafuta viti sita vya mezani, vya zamani kweli, na nimebakiwa na makundi matatu:

A) Sita vya mbao iliyokunjwa kwa mvuke, mtindo wa Thonet, kikalio cha henzirani (tepe za mmea zilizosukwa). Viwili henzirani imelegea, kimoja imekatika ukingoni.

B) Seti ya mkangazi, mtindo wa Chippendale: vinne vya kawaida na viwili vyenye mikono. Vikalio vinachomoka na vimevikwa kitambaa kipya. Muuzaji anasema ni vya karne ya 18.

C) Sita visivyofanana, mtindo wa Windsor. Kikalio ni ubao mmoja mzito, miguu imechomekwa humo. Vitatu vinacheza.

Meza ina kimo cha sm 75, na kutoka sakafuni hadi chini ya fremu yake ni sm 62. Nimeruhusiwa kuvigeuza na kuvipima, ila si kufungua viungo. Niangalie nini, na kipi kinatengenezeka? Umri si hoja kubwa kwangu, ila sitaki kulipia uongo.

RandaNaPatasi

Anza na vipimo. Kati ya kikalio na uso wa meza panatakiwa sm 25 hadi 30, kwa hiyo kwa meza yako tafuta kikalio cha sm 45 hadi 50. Kikalio cha springi au sponji kipime mtu akiwa amekaa, maana hushuka sm kadhaa. Ukikuta kikalio cha sm 40 na fito ya chini karibu inagusa sakafu, kiti hicho kimekatwa miguu, pengine kwa sababu ncha zilioza. Hicho kiache, hata kiwe kizuri namna gani.

Kisha viungo. Weka kiti kwenye sakafu iliyo sawa, bana kikalio kwa goti, shika juu ya mgongo, sukuma mbele na nyuma, halafu kulia na kushoto. Tazama mahali fremu ya kikalio inapokutana na miguu ya nyuma. Hapo ndipo nguvu yote hufikia mtu anapojiegemeza, na hapo ndipo viti karibu vyote hufia. Baada ya hapo kigeuze, shika miguu miwili iliyopingana kwa pembe, ivute na kuiachia. Kiungo kilicholegea utakiona kikifungua mdomo.

Kulegea peke yake si ugonjwa. Gundi ya kale ilichemshwa kutoka ngozi na mifupa, hukauka na kuachia, na kiungo kinaweza kuvuliwa, kusafishwa na kugundishwa upya. Kasoro ninazozikimbia ni hizi:

- Mguu wa nyuma uliopasuka kwa kukata nyuzi za mbao, hasa usawa wa kikalio. Ufa unaofuata nyuzi unagundika vizuri. Uliozikata nyuzi hautabeba uzito bila kupandikizwa mbao mpya.
- Vyuma vya pembe mraba vilivyopigiliwa ndani ya kona. Kiungo kinaendelea kucheza, chuma hakichezi, kwa hiyo skrubu zinapasua mbao iliyokuwa nzima.
- Misumari iliyopigwa kupitia ulimi wa kiungo (ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la mwenzake). Kukivua bila kukivunja ni kazi ya siku nzima.

Vipande vya mbao vya pembetatu kwenye kona za ndani ni jambo jema. Angalia tu kama bado vimeshika.

Msukaji

Mimi nitaeleza kundi A.

Kiti namba 14 cha Michael Thonet kilitoka mwaka 1859: vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Haki yake ya pekee ya kukitengeneza iliisha 1869, baada ya hapo viwanda vingine, J. & J. Kohn kikiwemo, vikatengeneza vya aina hiyo kwa wingi. Kwa hiyo tafuta muhuri au karatasi upande wa ndani wa duara la kikalio, lakini kukosekana kwake si dalili ya udanganyifu. Inaweza kuwa kampuni nyingine, au karatasi imebanduka tu.

Kaza zile nati mbili za miguu ya nyuma kabla ya kuhukumu kwamba kiti kinayumba. Nusu ya malalamiko huishia hapo. Ukishakaza, tazama duara la kikalio kuzunguka boliti: ufa unaotoka kwenye tundu kwenda ukingoni unamaanisha duara limechoka.

Sasa henzirani. Geuza kikalio. Ukiona matundu yamezunguka fremu na utepe unapita ndani yake, hiyo imesukwa kwa mkono. Ukiona mfereji mmoja uliojazwa ufito mwembamba, ni shuka ya henzirani iliyofumwa kiwandani ikabanwa mferejini. Tofauti hii ndiyo gharama yako. Shuka hubadilishwa kwa nusu siku ya kazi, kusuka kwa mkono ni hatua saba na huchukua siku kadhaa kwa kikalio kimoja.

Vile viwili vilivyolegea, kama hakuna utepe uliokatika, lowesha upande wa chini kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, acha usiku kucha. Henzirani hujivuta inapokauka. Uso wa juu unang'aa na haunywi maji, usihangaike nao. Kile kilichokatika ukingoni usikiwekee kiraka: mzigo utahamia kwenye tepe za jirani, nazo ni kavu vilevile, zitafuata moja moja.

Kabla ya kuagiza utepe, pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu linalofuata. Ikiwa ni mm 12 hadi 13, na tundu lina upana wa mm 5 hivi, utepe wa mm 2.25 hivi ndio wake. Mpana zaidi hautapita kwenye tundu hatua za mwisho, wakati tundu limeshajaa.

Kabari

B ndiyo yenye maneno mengi, kwa hiyo nitakaa hapo.

Kitabu cha michoro cha Thomas Chippendale, fundi samani wa Uingereza, kilitoka 1754, na mafundi wameiga michoro yake tangu wakati huo hadi leo. Mtindo pekee hauthibitishi karne. Chomoa kikalio, hilo halihitaji kufungua chochote, kisha tazama mbao za fremu kwa ndani, mahali ambapo fundi hakutarajia mtu aangalie.

Alama za msumeno zilizonyooka ni za msumeno wa mkono, japo msumeno wa utepe nao huacha mistari iliyonyooka, myembamba na yenye nafasi sawasawa mno. Alama za nusu duara ni za msumeno wa mviringo wa mashine, na kwenye samani hizo ni za karne ya 19 kuja mbele. Skrubu yenye ncha kali ilienea katikati ya karne ya 19. Ya kabla ya hapo ina ncha butu, na mfereji wa kichwa mara nyingi umekaa upande. Skrubu ya kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 au baadaye. Moja peke yake inaweza kuwa ya matengenezo, zikiwa ni hizo kila kona basi umri umeshaujua.

Tazama pia kama kila fremu ina namba ya Kirumi iliyochongwa kwa patasi, na kikalio kina namba hiyohiyo. Mafundi walifanya hivyo ili kikalio kirudi kwenye kiti chake. Ukikuta III, VII, XI na kadhalika, hivyo ni mabaki ya seti kubwa, jambo la kawaida. Ukikuta III mbili, seti imeunganishwa kutoka seti mbili.

Viti vyenye mikono: pima upana wa kikalio mbele. Kiti kilichozaliwa na mikono huwa kipana kuliko wenzake kwa sm 5 hivi. Kama vyote sita vina upana uleule, mikono imeongezwa baadaye, maana kiti chenye mikono huwa na bei kubwa kuliko cha kawaida.

Na kile kitambaa kipya kinanitia shaka. Wengi hufunika kitambaa kipya juu ya kile cha zamani, wakati mwingine tabaka tatu. Kikalio kinanenepa, mtu anakigonga kiingie kwa nguvu, kinageuka kabari inayosukuma fremu nje na kufungua viungo vya mbele. Kikalio kinatakiwa kuingia kwa mkono, kikiwa na nafasi ya milimita mbili au tatu kila upande.

Kona4

Mnamtisha bure. Vinavyocheza piga gundi nyeupe ya mbao kwa bomba la sindano, funga kamba, kesho unakalia.

RandaNaPatasi

Mkuu, kesho atakalia, ila mwakani atarudi. Gundi nyeupe haishiki juu ya gundi ya kale, inahitaji mbao safi ndani ya kiungo, na sindano haisafishi kitu. Halafu fundi atakayefuata atakuta aina mbili za gundi, na ile mpya haiyeyuki kirahisi.

Njia yenyewe: andika alama kila kipande kwa mkanda wa karatasi, legeza kiungo kwa siki ya uvuguvugu au mvuke kidogo, gonga kwa nyundo ya mpira ukiweka ubao katikati. Sugua gundi ya kale kwa maji ya moto na kitambaa, si kwa msasa, maana msasa unaupunguza ulimi na kiungo kitazidi kupwaya. Gundi ya ngozi ya punje iloweke usiku kwenye maji baridi, punje sehemu moja kwa maji sehemu mbili hivi, kisha ipashe moto kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji, nyuzi 60 hadi 65. Ikichemka inapoteza nguvu. Jaribu kukusanya kiti kikavu kwanza, kisha pasha viungo joto kidogo, paka, bana saa 24. Kabla haijaganda weka kiti sakafuni uone kama miguu yote minne inagusa. Hili husahaulika kuliko yote.

Sebuleni

Asanteni sana. Nimerudi kupima. B: vikalio vyote sm 46, vinne vina upana wa sm 51 na viwili vyenye mikono sm 56. Mikono iko sm 66 kutoka sakafuni. Ndani ya fremu kuna alama za nusu duara, na skrubu zenye ncha kali. Namba ni I hadi VI. Vikalio viwili vinaingia kwa shida, na kiti kimoja kina matundu madogo ya mviringo kwenye fito. C: kwenye kimoja, ncha za miguu zinaonekana juu ya kikalio na zina mstari katikati. Hiyo ni nini?

Kabari

Basi B ni nakala nzuri za karne ya 19 au mwanzo wa 20, seti kamili, mikono ni ya asili. Nunua kwa bei ya nakala, na mwambie muuzaji kwamba alama za msumeno umeziona. Mikono haitaingia chini ya fremu ya meza: 66 dhidi ya 62. Viweke kwenye vichwa vya meza, na asikushawishi mtu kukata miguu, kikalio kitashuka hadi sm 42.

Matundu: ya mdudu wa kawaida wa samani yana upana wa mm 1 hadi 2. Tandika karatasi nyeusi chini, gonga fito kwa mpini wa bisibisi. Unga mweupe mpya ukidondoka, kiti hicho kiweke mbali na vingine. Kufuta unga na kupaka vanishi juu hakuui kitu, kiluwiluwi kinaweza kukaa ndani miaka kadhaa. Friza kubwa ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kiti kikiwa kimefungwa kwenye plastiki, huua wote. Ukiona vijia vimelala wazi kwa urefu juu ya uso wa mbao badala ya matundu, mbao ilichongwa upya baada ya kubunguliwa, na hapo mashaka yawe makubwa.

Mstari kwenye ncha ya mguu wa C ni kabari, jina langu. Mguu unapita kikalio hadi juu, unapasuliwa kidogo na kujazwa kabari. Hiyo ni ishara nzuri, na kulegea kwake ndiko rahisi kuliko kote: toa kabari ya zamani, safisha, weka mpya ndefu kidogo. Mstari wa kabari lazima ukate nyuzi za kikalio. Ukiuelekeza sambamba na nyuzi, pigo la tatu litapasua ubao mzima.

Kwa miguu iliyochongwa mviringo, pima kipenyo mara mbili kwa kalipa, ukigeuza robo mzunguko. Mbao hunywea zaidi kwa kufuata pete za umri kuliko kuelekea katikati ya gogo, kwa hiyo mguu wa zamani huwa na umbo la yai kidogo, hata milimita moja kwenye mguu wa mm 40. Ukiwa duara kamili, uliza maswali.

Kama kimoja cha C kina rangi nzito ya zamani, usikipige msasa mkavu. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Pima kwanza kwa vijiti vya kupimia risasi.

Msukaji

Kwa matumizi ya kila siku mimi ningechukua C, mradi vimo vya vikalio visitofautiane kwa zaidi ya sm 2. Kutofanana kwa migongo hakusumbui, kutofanana kwa vimo husumbua kila mlo. A vizuri kama wa kukalia ni watu wazima. Henzirani haivumilii goti la mtoto wala mtu anayesimama juu yake kubadilisha taa.

Ukichukua B, vile vikalio viwili vibandue kitambaa hadi kwenye mbao kabla ya kuvirudisha hata mara moja. Kama ndani kuna manyoya ya farasi, usiyatupe: tikisa vumbi nje, yachambue kwa vidole, yanarudi kazini.