Panya wamechakura sufi ya kioo kwenye dari la mteremko: naijazaje?

Swali
Wakuu, nimefungua kipande cha dari linalofuata mteremko wa paa, nikakuta panya wameiburuta sufi ya kioo (nyuzi za kuzuia joto). Kati ya kenchi mbili hamna kitu kwa karibu mita 2, na iliyobaki imelowa mkojo. Upana kati ya kenchi ni sm 56, kina sm 15. Chini kuna jipsamu. Nisukume sufi mpya kutokea juu au nibomoe?

Jibu
Bomoa, mkuu. Sufi ikisukumwa kutoka juu hunasa kwenye misumari, inajikunja, na katikati panabaki pengo usiloliona. Kata jipsamu usawa wa katikati ya ubao wa kenchi, kipande kipya kipate pa kushika skrubu.

Zima umeme kwenye swichi kuu kwanza. Panya hutafuna maganda ya nyaya; shaba ikiwa wazi, waya ubadilishwe kabla haujafunikwa. Kinyesi usikifagie kikavu, vumbi lake linaambukiza. Vaa barakoa ya N95 na glavu, lowesha kwa klorini ya kufulia sehemu 1 kwa maji sehemu 9, subiri dakika 5, ndipo ufute. Sufi iliyolowa mkojo itupe yote, harufu haitoki.

Jibu
Naongezea vipimo. Acha sm 5 za hewa chini ya paa, kuanzia ukingoni hadi kileleni, kwa hiyo nunua sufi ya sm 10. Usichukue ya sm 15 ukaishindilia: kinachozuia joto ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi, na ukiikandamiza umeifukuza. Kata upana wa sm 57 hadi 58 ili ijibane yenyewe.

Karatasi ya kuzuia mvuke hukaa upande wenye joto. Nyumba inayopashwa joto, karatasi ielekee chumbani. Penye joto na unyevu, ndani kuna kiyoyozi, usiweke nailoni upande wa chumba. Mvuke wa nje utageuka maji juu yake na jipsamu itaoza.

Jibu
Jamani, matundu kwanza! Panya mdogo hupenya tundu la mm 6 tu. Pigilia wavu wa chuma wa mabati wenye matundu yasiyofika mm 6. Povu la kupuliza peke yake watalitafuna. Kisha sokomeza karatasi laini kwenye kila njia unayoishuku. Ikikaa siku 5 bila kuguswa, funga dari. Ikichanika, bado wamo, tega mitego.

Muuliza swali
Karatasi laini nimeweka sehemu 4. Ahsanteni sana.